Kuweka Tasmota kwenye Sonoff Basic na kupanga pini zake, hatua kwa hatua

Ujumbe ninaoupata unafanana kiasi kwamba ningeweza kuujibu nikiwa nimelala. "Kaka, nimeflashi, kifaa kimekufa." "Nimefunga rilei kwenye D5, nimechagua GPIO5, mbona kimya?" "Umeme ulikatika jana usiku, leo kifaa kimesahau kila kitu." Nimechoka kurudia kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo nayaandika yote hapa mara moja. Ukikwama, rudi juu usome tena kabla hujanipigia.

Tunachofanya ni hiki: tunaondoa programu iliyomo ndani ya kifaa, ile mafundi wanayoiita fimwea, na kuweka nyingine ya bure inayoitwa Tasmota. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kuflashi. Sonoff, swichi ya kuwasha taa kwa waifai, ikitoka dukani inategemea app ya eWeLink na akaunti ya kampuni. Ikiwa na Tasmota inakusikiliza ndani ya nyumba yako mwenyewe: hata bando likiisha, ilimradi ruta inawaka, unawasha taa kwa simu. Nadharia inatosha.

Nitatumia Sonoff Basic, kile kiboksi cheupe kirefu cha kufunga katikati ya waya wa taa, kwa sababu ndicho kinachosamehe makosa. Ile ya kwanza na ya R2 zina chipu ya ESP8266 au ndugu yake ESP8285, na hizo ndizo ninazozungumzia. BasicR4 ina ESP32-C3, na faili lake ni jingine. Kuhusu plagi za bei nafuu zinazotumia app ya Tuya, usinunue kumi kwa pamoja ukidhani zote zinaingia Tasmota. Nyingi za siku hizi zina chipu ya Beken BK7231, na Tasmota haikai humo (kuna mradi mwingine, OpenBeken, kwa ajili yake). Nunua moja, ifungue, soma maandishi ya chipu, ndipo urudi dukani.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Sonoff Basic ambayo bado haijafungwa kwenye umeme.
- Adapta ya USB kwenda siriali, yenye chipu ya CP2102, CH340 au FT232. Lazima iwe na sehemu ya volti 3.3.
- Waya nne za jampa na kipande cha pini nne za kulehemu. Kama huna chuma cha kulehemu, unaweza kuzishikilia pini kwa kidole kwenye matundu wakati wa kuflashi. Inawezekana, ila mkono ukitetemeka unaanza upya.
- Multimita. Hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha.
- Laptop yenye Python, au Chrome ama Edge kama hutaki kuandika amri.
- Kebo ya USB inayopitisha data. Nusu ya kebo zilizomo majumbani ni za kuchajia tu.

Onyo ambalo silitanii: waya za adapta zikiwa zimeunganishwa, kifaa kisiguse umeme wa ukutani hata sekunde moja. Kikichomekwa vyote viwili, volti 230 zinaweza kupita kwenye adapta, laptop na mikono yako. Wakati wa kuflashi nguvu yote inatoka kwenye USB.

Kuflashi

1. Fungua kiboksi. Ondoa vifuniko vya skrubu za waya pande zote mbili, kisha ingiza kucha au bisibisi bapa kwenye ufa wa pembeni. Hakuna gundi, usitumie nguvu. Ubao ukitoka utaona rilei (swichi inayoendeshwa na chipu, ndiyo inayowasha na kukata umeme wa taa), kitufe kidogo, na karibu yake matundu manne au matano yaliyopangwa mstari.

2. Pima adapta kabla ya kuiunganisha. Weka jampa yake upande wa 3.3, ichomeke kwenye laptop, pima kati ya VCC (pini ya nguvu) na GND (pini ya hasi). Ukiona 5, simama hapo. Kisha pima pia kati ya TX na GND, maana kuna adapta za bei rahisi ambazo VCC inatoa 3.3 lakini TX bado iko 5. Chipu ya ESP imetengenezwa kwa 3.3, na 5 inaweza kuiua bila moshi wala harufu. Inakaa kimya tu, nawe unabaki kubadilisha waya usiku kucha.

3. Chomoa adapta, kisha unganisha. 3V3 ya ubao iende 3.3 ya adapta, GND iende GND, halafu RX iende TX na TX iende RX. Ndiyo, zinapishana: mmoja anaposema mwingine anasikiliza. Soma maandishi ya ubaoni, usihesabu matundu kwa kufuata picha uliyoiona mahali, kwa sababu mpangilio unabadilika kati ya toleo na toleo.

4. Ingiza kifaa kwenye hali ya kuflashiwa. Bonyeza kitufe cha ubao, kishikilie, chomeka USB, hesabu mpaka tatu, achia. Kitufe hicho kimeungwa kwenye GPIO0 (GPIO ni miguu, yaani pini, ya chipu, kila mmoja na namba yake), na ESP ikiamka ikakuta GPIO0 iko chini, yaani imegusana na GND, inajua inasubiri programu mpya. Taa ya ubao haitawaka. Hiyo ni dalili njema. Ikiwaka au ikipepesa, umeachia mapema, rudia. Kuna mbao za jamii hiyohiyo ambazo kitufe hakiendi GPIO0, kama Sonoff RF R2. Hapo itabidi uguse pedi ya GPIO0 kwa waya wa GND wakati unachomeka.

5. Hifadhi programu ya kiwandani. Wengi wanaruka hatua hii, nami niliiruka mwanzoni. Fungua dirisha la amri uandike:

pip install esptool

python -m esptool --port COM5 read_flash 0x00000 0x100000 akiba.bin

Badala ya COM5 weka jina la poti yako. Kwenye Linux mara nyingi ni /dev/ttyUSB0. Faili litakalopatikana ni la megabaiti 1. Matoleo mapya ya esptool yanaweza kulalamika kwamba amri yenye mstari wa chini imepitwa na wakati. Yaache yalalamike, kazi itafanyika.

6. Chomoa USB, rudia hatua ya 4, kisha futa:

python -m esptool --port COM5 erase_flash

Kuchomoa na kurudia kitufe ni baada ya kila amri. Hapa ndipo anayeanza anapoanguka zaidi: amri ya kwanza imekubali, ya pili inakataa, anadhani kifaa kimeharibika.

7. Pakua tasmota.bin kutoka ota.tasmota.com/tasmota/release. Usichukue tasmota32.bin, ni ya chipu nyingine. Usichukue tasmota-minimal.bin, hiyo ni ya kupitia tu wakati wa kusasisha na haina mambo utakayoyahitaji. Kisha, baada ya kitufe tena:

python -m esptool --port COM5 write_flash -fs 1MB -fm dout 0x0 tasmota.bin

Hilo neno dout lisikosekane, ESP8285 inalihitaji. Subiri mpaka asilimia 100.

Asiyetaka amri aende tasmota.github.io/install kwa Chrome au Edge, achague poti, abonyeze kusakinisha. Kitufe cha hatua ya 4 bado kinamhusu.

8. Chomoa, kisha chomeka bila kushika kitufe. Ndani ya dakika moja utaona kwenye simu mtandao mpya unaoanza na tasmota- na herufi kadhaa.

Kuiunganisha na waifai ya nyumbani

9. Zima data ya simu kwanza. Simu ikiona mtandao wa Tasmota hauna intaneti inarudi yenyewe kwenye data, ukurasa unagoma kufunguka, na mimi napigiwa. Data ikiwa imezimwa, jiunge na mtandao huo. Ukurasa usipojitokeza, andika 192.168.4.1 kwenye kivinjari.

10. Chagua waifai yako, andika nywila, bonyeza kuhifadhi. Kifaa kitajizima na kujiwasha, kisha kitapewa anwani na ruta. Iangalie kwenye orodha ya vifaa ndani ya ruta. Kumbuka ESP8266 inaona masafa ya GHz 2.4 tu. Kama nyumba yako inatumia simu kugawa intaneti, ingia mipangilio ya hotspot uhakikishe haiko kwenye 5.

Kupanga pini

Mpaka hapa Tasmota inaendesha, lakini haijui ubao wake una nini. Inaona chipu yenye miguu tu. Wewe ndiye unayeiambia mguu upi ni rilei, upi ni kitufe, upi ni taa.

11. Fungua anwani ya kifaa kwenye kivinjari, nenda "Configuration", kisha "Configure Module". Chagua "Sonoff Basic (1)", bonyeza "Save". Kwa chaguo hilo moja umeshaiambia kwamba kitufe kiko GPIO0, rilei GPIO12, na taa ndogo GPIO13. Rudi ukurasa wa mwanzo, bonyeza "Toggle". Ukisikia tiki ya rilei, kazi kubwa imekwisha. Kama huisikii ukiwa kwenye nguvu ya USB, usihangaike bado, rilei inaweza isivutwe na adapta dhaifu.

12. Kama unataka swichi ya ukutani iendelee kufanya kazi (nakushauri, maana wageni na wazazi hawatafungua kivinjari kuwasha taa), tumia GPIO3, ambayo ni ile RX. Kwenye "Configure Module" weka GPIO3 kuwa "Switch" namba 1. Waya mmoja wa swichi uende RX, mwingine GND. Kila ukibonyeza swichi taa inabadilika. Ukitaka swichi ikiwa chini taa iwe imewaka daima, andika SwitchMode1 2 kwenye "Console".

Swichi hiyo iwe imetenganishwa kabisa na waya wake wa zamani wa laivu. Waya wa laivu ukigusa RX, umepoteza kifaa na pengine zaidi ya kifaa. Hata hivyo nyaya hizo zichukulie kama za umeme wa 230: zenye ganda zima, zisitoke nje ya boksi, zisifike penye maji. Kuna ndugu aliyetaka kutumia RX kwa floti ya tangi la maji. Hapana. Kwa tangi tumia kifaa kingine chenye pawasaplai yake iliyotengwa.

Na hapo ndipo wengi wanahamia kwenye ubao wa D1 mini au NodeMCU (mbao tupu zenye chipu ileile ya ESP8266) pamoja na rilei ya kubandika. Mbao hizi ni nzuri kujifunzia, ila maandishi yake yana mtego: D5 siyo GPIO5. Nakili hii uibandike mezani:

D1 ni GPIO5, D2 ni GPIO4, D5 ni GPIO14, D6 ni GPIO12, D7 ni GPIO13. Hizi tano ni salama, anza nazo.

D3 ni GPIO0, D4 ni GPIO2, D8 ni GPIO15. Hizi tatu chipu inazisoma wakati wa kuamka. Ukifunga kitu kinachovuta D3 au D4 chini, au D8 juu, kifaa hakiwaki, nawe utaapa kwamba kimeungua. D0 ni GPIO16, na iko juu wakati wa kuamka, kwa hiyo rilei iliyofungwa hapo inaruka umeme unaporudi. GPIO6 hadi 11 kwenye mbao hizi zimeshikwa na kumbukumbu ya programu, usiziguse.

Kwa ubao wa namna hii chagua "Generic (18)", hifadhi, kisha rudi uweke kila pini kwa mkono: rilei kwenye GPIO5, kwa mfano, "Relay" namba 1. Zile rilei za bluu zinazouzwa kila mahali zinawaka pini ikiwa chini. Ukiona mambo yamegeuka, unazima na yenyewe inawaka, badilisha "Relay" iwe "Relay_i". Huna haja ya kugusa waya.

Mipangilio ya huku kwetu

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Tasmota ikitoka kwenye faili inaamini iko Paris: latitudo na longitudo zilizomo ndani yake ni za Mnara wa Eiffel, na saa yake ni ya Ulaya ya kati. Pia inaamini umeme haukatiki ovyo.

Nilifunga moja kwa mama yangu, taa ya nje, juu ya mlango. Ikafanya kazi vizuri wiki tatu. Usiku mmoja umeme ulicheza: ukaja, ukaenda, ukaja, ukaenda, mnajua wenyewe. Asubuhi napigiwa simu, taa haiwaki, na mtoto wa jirani anaona mtandao wa ajabu kwenye simu yake, tasmota na namba. Nilidhani ubao umeungua. Kumbe kilikuwa kizima, kimefuta kumbukumbu zake chenyewe. Tasmota ina njia ya kujirudisha upya: ukiiwasha na kuizima mara 6 kwa haraka, kila mara chini ya sekunde 10, kisha ukaiacha ikiwaka mara ya 7, inafuta mipangilio yote. Imewekwa kwa ajili ya mtu aliyesahau nywila. Umeme wetu ulifanya kazi hiyo bila kuombwa.

13. Fungua "Console" uandike, kwa aliye Dar es Salaam:

Backlog SetOption65 1; Timezone +3; Latitude -6.8; Longitude 39.28; PowerOnState 3

SetOption65 1 inazima kule kujifuta. Nywila ikipotea, bado utaweza kukirudisha upya kwa kushikilia kitufe sekunde 40, kwa hiyo usikifunge mahali ambapo kitufe hakifikiki. Ndiyo maana pia sikushauri uweke SetOption1 1 kwa pamoja, maana hiyo inazuia njia ya kitufe.

Timezone +3 ni saa ya Afrika Mashariki. Latitudo na longitudo weka za mji wako. Nairobi ni kama -1.29 na 36.82.

PowerOnState ni hali ya rilei umeme unaporudi: 3 inarudi ilivyokuwa, 0 inabaki imezima, 1 inawaka. Kwa taa tumia 3. Kwa pampu au chochote chenye mota tumia 0, ili umeme ukirudi saa nane usiku ukiwa bado unayumba, mota isianze kuhangaika peke yake.

14. Kwa taa ya nje, nenda "Configure Timer", weka tiki kwenye "Enable Timers" juu kabisa (hii ndiyo inayosahaulika), chagua "Sunset" kuwasha na "Sunrise" kuzima. Ukiweka saa kwa mkono, andika kwa mtindo wa saa 24: saa kumi na mbili na nusu jioni ni 18:30. Kifaa hakina betri ya saa, kinauliza muda kwenye intaneti kila kikiwaka. Bando likiwa limeisha umeme unaporudi, hakijui ni saa ngapi na taima haitafanya kazi mpaka intaneti irudi. Kama ruta yako inaweza kutoa muda, iambie iulize ruta: NtpServer1 192.168.1.1.

15. "Configuration", kisha "Backup Configuration". Faili la .dmp litunze. Siku kifaa kikisahau, unarudisha kwa dakika moja.

Kukifunga

Sasa ndipo umeme wa ukutani unaingia, na USB ikiwa imechomolewa na waya zake zote kutolewa. Rudisha ubao kwenye kiboksi. Zima swichi kuu, siyo ya chumba tu, kisha pima kwa testa. Laivu na nyutro zinaingia upande wa "Input", taa inatoka "Output". Sonoff Basic imeandikiwa ampea 10, ambazo kwa volti 230 ni wati 2300 kwenye karatasi. Mimi sipitishi zaidi ya nusu yake kwa kazi ya kudumu. Pasi, jiko, na shawa ya umeme ni mwiko. Pampu ipitie kontakta (rilei kubwa ya mota), Sonoff iwe inavuta koili yake tu. Kama kufunga waya za nyumba siyo kazi yako, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, au EPRA kwa walio Kenya, wewe ubaki na upande wa programu.

Ikigoma

Laptop haioni poti. Badilisha kebo kwanza. Bado? Sakinisha draiva ya CH340 au CP2102, kulingana na adapta yako.

"Failed to connect to ESP8266". Ama hukushika kitufe wakati wa kuchomeka, ama RX na TX hazijapishana. Zigeuze, hazitaungua kwa hilo.

Inaanza kuandika kisha inakatika. Nguvu ni ndogo. Chipu ya FT232 yenyewe inatoa miliampea 50 tu kwenye 3.3, na ESP inapoamsha redio inataka mara kadhaa ya hizo. Tafuta adapta yenye regyuleta yake, au chomeka moja kwa moja kwenye laptop badala ya habu. Unaweza pia kupunguza kasi kwa kuongeza --baud 57600 kabla ya jina la amri.

Imeandika hadi mwisho, lakini mtandao wa tasmota hauonekani. Umechomoa na kuchomeka bila kitufe? Kama ndiyo, futa tena na uandike upya ukihakikisha dout ipo.

Inaingia waifai, inatoka, inaingia. Ruta iko mbali, au kifaa kiko ndani ya boksi la chuma. Kwenye "Information" angalia RSSI (nguvu ya mawimbi ya waifai), ikiwa chini ya asilimia 30 sogeza ruta.

Rilei inatika ila taa haiwaki. Huenda waya wa taa haujakaa vizuri upande wa "Output". Zima swichi kuu, kaza.